Buluu ya Mrututu

Budapest, 8 Septemba

Baba,

Shikamoo. Kifurushi hiki tafadhali usikifungue kwa kisu cha kuchinjia nguruwe, kama ulivyofungua kile cha sweta ukaikata mkono. Ndani mna tepe nyembamba za plastiki zilizofungwa kwenye karatasi ya alumini. Hizo ndizo kazi yangu, ile ambayo huwa unamwambia jirani yetu Mzee Lőrinc kwamba binti yako analipwa kuchezea printa.

Nitakueleza kwa ufupi, kisha unicheke. Tunachukua shaba tunaichanganya na tindikali fulani. Vinashikana vyenyewe na kujenga fuwele ndogo mno, zimejaa vitundu, kama sega la nyuki lisilo na asali. Gesi ikipita hapo inaingia vitunduni na kukaa. Fuwele hizo tunazitia kwenye wino, wino tunautia kwenye printa ya kawaida ya ofisini, na tunachapa juu ya plastiki, tabaka juu ya tabaka. Nusu ya maisha yangu inaishia kuzibua printa iliyoziba. Lakini utepe ukitoka vizuri unaweza kuuzungushia kidole na chapa isipasuke. Nimetia na rangi ya pili humo humo, ambayo hugeuka njano gesi ya mvinyo unaochachuka ikiingia.

Sasa kazi yako. Bandika utepe mmoja kwenye pango lako la mvinyo, ukutani kwenye ngazi ya mwisho, usawa wa goti, maana gesi hulala chini, na hilo ulinifundisha wewe. Ukiwa buluu, ingia. Ukigeuka njano, toka na uache mlango wazi. Basi, hakuna kingine cha kukumbuka.

Na mshumaa wako shuka nao kama siku zote, ukizimika ujue gesi ipo. Utepe bado ni wa majaribio. Profesa wetu, Bi Szendrey, anataka kujua kama unafanya kazi kwenye pango la kweli lenye mapipa yanayochachuka, na mimi nataka nipate usingizi msimu huu. Tangu Mama afariki unashuka peke yako, na kila Oktoba nikifungua gazeti naanzia habari za watu waliokutwa wamekufa mapangoni.

Uniandikie. Kwenye simu unasikia nyuki tu, na kile kifaa cha sikio najua kiko kwenye droo ya vijiko.

Mwanao,
Bogi

*

Szilvásd, 15 Septemba

Bogi mwanangu,

Marahaba. Nimekifungua kwa kisu kile kile na sijakata kitu. Mwandiko uuvumilie, meza hii inayumba na kalamu ni ya bure kutoka benki.

Lőrinc alikuwa hapa kifurushi kilipofika, maana Lőrinc huwa hapa kila chakula kinapofika. Aliushika utepe akaupeleka dirishani.

"Ödön, huu si mrututu huu?"

"Ni mrututu uliosoma chuo kikuu."

"Basi hata mimi ni profesa. Nimepulizia mizabibu mrututu tangu sijaota ndevu. Ukuta wangu wa nyuma ni buluu, mbwa wangu ni buluu, Lizi ananiambia hata masikio yangu."

"Masikio yako ni mekundu, na tunajua kwa nini."

Tulicheka mpaka Lizi akaja kumchukua mumewe. Lakini baada ya kuondoka nilikaa na utepe ule peke yangu nikautazama. Ni shaba ile ile yetu ya kuzuia ukungu kwenye majani, nayo imetoka mikononi mwako. Mama yako angeuonyesha kanisani.

Jambo moja tu. Kwa macho yangu rangi imekoza mno, inaelekea zambarau, kama mtu aliyekosea vipimo. Mrututu mzuri huwa mwepesi. Ila wewe ndiye fundi.

Nimebandika pale uliposema. Zabibu za kadarka zimeiva vizuri, wiki ijayo tunachuma. Nakutumia soseji na jemu ya plamu. Jemu amepika Lizi, usimwambie nimesema imetoka nzito.

Baba yako,
Ödön

*

Budapest, 22 Septemba

Baba,

Soseji imeliwa na maabara nzima. Bi Szendrey aliila amesimama, na huyo ni mtu anayekula saladi kwa uma mdogo. Nilimwambia kwamba utepe uko ukutani, akafurahi sana. Tukipata msimu mmoja mzuri kwako, mwakani tutaomba kupeleka tepe kwenye mapango mengi, na pengine nitapata kazi ya kudumu hapa badala ya mkataba wa kuomba kila mwaka.

Kuna ombi dogo. Zile ulizobakiwa nazo, kabla ya kuzibandika, zipashe moto kidogo juu ya jiko, joto dogo tu. Na ule wa ukutani uutoe mara moja moja uufanyie hivyo hivyo. Ni utaratibu wetu wa maabara, usihangaike kuuliza sababu.

Je, bado unashuka na mshumaa? Hukusema kitu juu ya hilo.

Bogi

*

Szilvásd, 3 Oktoba

Bogi,

Tumekamua. Mikono ya nusu ya kijiji ilikuwa kwenye mabeseni yangu, na mapipa sasa yanaunguruma pangoni kama paka walioshiba. Msimu kama huu sijauona tangu uende shule.

Habari ya utepe ni nzuri kuliko ulivyotarajia. Siku za mwanzo ulikuwa umekoza vile vile kama kosa la vipimo. Kisha ukaanza kupauka taratibu, na sasa ni samawati safi kabisa, ile buluu ya mrututu juu ya jani asubuhi baada ya kupulizia. Nilimwita Lőrinc, nikamwambia: tazama, umekomaa. Mkulima akiona rangi hiyo kwenye shamba lake analala usingizi, anajua ugonjwa haupiti hapo. Hata mapipa yalipoanza kuchemka haukubadilika hata kidogo. Hakuna njano. Pango langu ni salama.

Kupasha moto sikupasha. Plastiki juu ya jiko, kesho unaambiwa baba yako ameungua na nyumba.

Sasa usinigombeze. Tepe zilizobaki nilizigawa. Lőrinc ndiye aliyeshika mkasi, akazikata vipande, na tumepita mstari mzima wa mapango kutoka kwa padri mpaka kwa wale ndugu wawili wasiosalimiana. Kila mmoja ana kipande chako ukutani. Nilikuwa nasema, "Ya binti yangu hiyo," nao wakawa wananipa glasi. Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Lőrinc naye ameacha mshumaa, anashuka na utepe tu kama mimi. Anasema nta imemharibia suruali za kutosha. Usianze kelele zako, tunajua tunachofanya.

Baba

*

Budapest, 7 Oktoba, posta ya haraka

Baba,

Barua yako nimeisoma ngazini, hata koti sijavua. Nimempigia Shangazi Lizi, simu inalia haipokelewi. Nimepiga tena na tena. Nimepiga ofisi ya kijiji, wamesema watamtuma mtu akutafute. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Zitoe. Zitoe zote leo, kwako na kwa kila mtu, na asiingie mtu pangoni bila mshumaa.

Utepe uliokoza ndio ulio macho. Uliopauka umelala. Unyevu wa pango umeingia kwenye vitundu vyote ukajaa, gesi ikija haipati pa kuingia, na rangi haigeuki. Mtu anaweza kuanguka mbele yake nao ukabaki na samawati yake nzuri. Ndiyo maana nilikwambia upashe moto, ni kukausha yale maji.

Nilijua. Nilijua kabla ya kukutumia, wote hapa tunajua, dawa ya kuzuia unyevu tulipanga kuitafuta mwakani. Nilifikiri nikikueleza buluu mbili utachanganyikiwa, au utaona ni takataka usibandike kabisa. Na nilifikiri mshumaa utakuwa mkononi mwako, kama ulivyokuwa tangu nizaliwe. Baba, kwa nini umeacha mshumaa?

Nijibu. Mtume mtu yeyote mwenye simu.

Bogi

*

Szilvásd, 10 Oktoba

Bogi mwanangu,

Kaa chini kwanza.

Lőrinc amefariki. Ilikuwa siku ile ile ya simu yako. Simu ya Lizi ililia mezani kwao bila mtu, sisi sote tulikuwa mlangoni mwa pango lake. Alishuka kutazama pipa lake kubwa la nyuma, hakurudi. Zimamoto walikuja kutoka mjini na mitungi yao ya hewa. Walimleta juu akiwa na uso mzuri tu, mwekundu kama alikuwa anacheka.

Tulimzika jana. Barua hii itakufikia baada ya hayo, na nimefanya hivyo makusudi. Ungekuja ungekaa kaburini ukijitafuna.

Sasa nisikilize vizuri. Ukutani kwake hapakuwa na utepe. Alikuwa ameutoa mwenyewe siku kadhaa kabla, alisema unamkera. Na tangu asubuhi alikuwa anakunywa pálinka, ile pombe kali ya matunda, kila mtu anajua jinsi alivyokuwa msimu wa mavuno. Mtu akishuka amelewa, hata mshumaa haumsaidii. Kwa hiyo wewe huhusiki hata kidogo. Usijilaumu. Nakwambia tena, usijilaumu.

Vipande vingine nimevikusanya, niliwaambia watu vimeisha muda wake. Hakuna aliyeuliza.

Kula vizuri, fanya kazi yako.

Baba

*

Budapest, 16 Oktoba

Baba,

Sijui kama nitakusamehe kwa ajili ya mazishi. Mzee Lőrinc ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli wakati wewe ulikuwa umekasirikia mvua ya mawe. Nilikuwa na haki ya kutupa udongo.

Lakini nikwambie na la aibu. Niliposoma kwamba hapakuwa na utepe kwake nililia kwa kushukuru. Nilikaa jikoni nikashukuru, na mtu huyo yuko chini ya ardhi. Tangu hapo sijipendi.

Bi Szendrey amesikia kwamba kulikuwa na kifo kwenye mstari wetu wa mapango. Amenikalisha ofisini akaniuliza swali moja: kuna mtu aliyeutegemea utepe wetu akadhurika? Kama yupo, kazi inasimama mpaka unyevu utatuliwe, na tunaandika wazi kwamba yupo. Kama hayupo, tunaendelea, na Novemba tunaomba mapango zaidi ya mwakani, kuanzia kule kwenye mizabibu ya Villány. Nilimjibu kwamba hayupo. Anataka neno lako kwa maandishi. Niandikie mistari miwili tu: Lőrinc hakuwa na utepe, na mshumaa aliuacha kwa sababu zake.

Na bado hujanijibu juu ya mshumaa wako.

Bogi

*

Szilvásd, 24 Oktoba

Boglárka,

Sijawahi kukuandikia barua, na baba yako hajui kwamba naandika. Ameniomba kalamu nzuri, anasema kuna karatasi ya kwako inayotakiwa kutiwa sahihi. Nilimuuliza karatasi gani, akatazama viatu vyake. Kwa hiyo naandika mimi kwanza.

Hapa kijijini wanasema Lőrinc alikuwa amelewa. Dukani wanasema, kanisani wanasema, njiani wanasema. Neno hilo lilianzia kwa baba yako. Nimeishi na Lőrinc tangu nikiwa msichana, najua alivyo akilewa. Alikuwa anaimba. Siku ile hakuimba. Alikunywa kahawa, akala mkate na mafuta ya nguruwe na kitunguu, akasema pipa la nyuma linanuka vibaya, akatoka. Alikuwa mzima kabisa.

Utepe wako ulikuwa ukutani. Baada ya zimamoto kupuliza hewa safi na kuondoka, Ödön alisema anashuka kuchukua kofia ya Lőrinc. Nilimfuata mpaka juu ya ngazi, nilitaka kofia ile niishike mimi. Nikamuona kwa mwanga wa taa amepiga magoti, anang'oa kwa kucha pini iliyoushika utepe. Ilimchukua muda mrefu sana. Ingekuwa mikono isiyo na ugonjwa nisingewahi kuona kitu.

Hujui habari ya mikono yake, sivyo? Inatetemeka tangu Pasaka. Kijiko hakifiki mdomoni na supu. Mshumaa akiushika nta inaruka, moto unazimika kabla ya ngazi ya tatu. Mwezi wa tano wale ndugu wawili walimuona wakacheka, mmoja akasema Ödön anacheza dansi na mshumaa. Hakushuka tena na mshumaa mbele ya watu. Kisha zikaja tepe zako, akafurahi kama mtoto, na sasa unajua kwa nini alifurahi kiasi kile.

Lőrinc alijua yote. Ndiye aliyekuwa anamkatia nyama wakikaa peke yao. Ödön alipoanza kushuka na utepe, Lőrinc akaanza kujigamba kwa sauti mstari mzima kwamba naye ameacha mishumaa. Nilimfokea. Akaniambia, "Lizi, nyamaza. Nikishuka na mshumaa, yeye anabaki peke yake kama mzee." Nilipomvua koti nilikuta mshumaa mfukoni. Mzima, utambi wake mweupe. Alikuwa nao kila siku, hakuuwasha tu.

Pango lake baba yako lina tundu la hewa upande wa barabara. Letu halina. Ndiyo tofauti yote.

Sitaki mtu afungwe wala sitaki hela. Nataka watu wajue mume wangu alikufa akiwa na akili zake. Wewe umesoma, utajua cha kufanya na barua hii.

Lizi

*

Budapest, 28 Oktoba

Baba,

Usitie sahihi kitu chochote.

Shangazi Lizi ameniandikia. Alikuona ukiwa na pini ile. Nimesoma habari ya mikono yako kutoka kwa jirani, mimi ambaye nimekuwa nikicheka mwandiko wako tangu Pasaka na kulaumu meza pamoja nawe.

Nimekukasirikia mpaka nashindwa kukaa. Umemfanya mlevi mtu aliyekukatia nyama. Unaelewa nikisema hivyo? Alikuwa na mshumaa mfukoni Baba, na hakuuwasha kwa ajili yako, nawe ukampaka matope ili mimi nilale vizuri. Na kweli nililala. Ndilo linaloniuma zaidi.

Ila sina mdomo wa kukugombeza wewe tu. Ningekwambia buluu mbili siku ya kwanza, ungezielewa vizuri kuliko wanafunzi wangu. Niliona wewe ni mzee wa shamba, nikakupa maneno ya mtoto: buluu ingia, njano toka. Nilikuficha kwa sababu nilitaka pango lako.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Bi Szendrey nikamwambia yote. Aliinuka akafunika printa kwa kitambaa chake cheupe. Hakunifukuza. Alisema niandike kila kitu, pamoja na jina la marehemu kama mkewe akikubali, na kwamba hakuna utepe utakaotoka nje ya chumba hiki mpaka uweze kukaa macho ndani ya maji. Sijui mkataba wangu utakuwaje. Sitaki kujua leo.

Nitakuja Siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba, watu wakiwa wamekusanyika kuonja mvinyo mpya. Nitasimama mbele ya mlango wa Mzee Lőrinc niseme. Nataka usimame nami. Kama huwezi, nitasema peke yangu, lakini nitasema na lako pia.

Na Baba, nenda kwa daktari. Mikono hiyo ina dawa. Hata kama haina, si aibu.

Bogi

*

Szilvásd, 2 Novemba

Bogi mwanangu,

Mwandiko huu si wangu, umeshaona. Mimi nasema, Lizi anaandika. Ameniambia nikisema uongo anaweka kalamu chini.

Sikutaka kungoja Martin. Sikutaka usimame pale wewe, na watu wana mabilauri mkononi. Jana ilikuwa Watakatifu Wote, kijiji kizima kilikuwa makaburini na mishumaa. Nilimwashia mama yako kwanza, kwa kuomba moto wa mtu. Halafu nikaenda kwa Lőrinc. Udongo wake bado haujatulia. Nikatoa mshumaa na kiberiti, nikataka niuwashe mwenyewe, mbele yao wote.

Njiti ya kwanza ilianguka. Ya pili iliwaka nikaizima kwa mtetemeko wangu mwenyewe. Wale ndugu wawili walikuwa wamesimama kaburi la pili, na kwa mara ya kwanza tangu wagombane walitazamana. Watu walianza kugeuza nyuso pembeni, kwa adabu, na hiyo adabu yao iliniumiza kuliko kicheko. Sijui niliharibu njiti ngapi. Nikaacha. Nikasema, "Mnaona? Ndiyo sababu."

Nikawaambia Lőrinc hakulewa. Nikawaambia neno hilo nililitunga mimi, na utepe niliung'oa mimi, na mshumaa wake ulikuwa mfukoni, na aliuacha humo ili nisionekane mzee peke yangu. Nikasema lako pia, kwamba ulijua habari ya unyevu ukanyamaza, kwa sababu uliandika kwamba lisemwe. Lilinitoka kwa shida, Bogi. Langu lilikuwa jepesi kuliko lako.

Hakuna aliyesema kitu kizuri. Padri alitazama chini. Mama mmoja, simtaji, alisema bora angekufa mwenye kutetemeka. Nilimjibu kwamba hata mimi nafikiri hivyo. Wengine waliondoka bila kuaga, na leo asubuhi nimekuta vipande viwili vya tepe zako vimetupwa mlangoni kwangu, vile ambavyo walinificha nilipokuwa nakusanya. Ni samawati bado.

Lizi alibaki mpaka makaburi yakawa matupu. Nilidhani atanipiga. Alichukua kiberiti mkononi mwangu akawasha mshumaa wa mumewe, akaniambia, "Kesho pipa la nyuma lazima lijazwe, mvinyo utaharibika. Mimi sijui kazi hiyo. Wewe unajua. Mshumaa nitashika mimi."

Leo tumeshuka. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshika bega lake. Mshumaa uliwaka mpaka mwisho wa pango. Tulijaza pipa. Nilimwaga mwingi. Tulipopita kwenye ngazi ya mwisho, pale palipokuwa na pini, alisimama kidogo, nami nikasimama.

Sijui kama amenisamehe. Hajasema, na kalamu anayo yeye, angekuwa na la kusema angeliandika.

Mimi Lizi: sijasamehe. Andika kwenye karatasi zenu jina lake lote, Lőrinc Habetler, na kwamba hakuwa amelewa. Na Martin uje usimame vile vile. Baba yako amesema lake, lako bado unadaiwa, ulitoe kwa mdomo wako mwenyewe. Bata bukini nitamchoma, kiti kipo.

Anasema amemaliza. Nilitaka kumwandikia na jina, amekataa, anataka atie mwenyewe. Amechukua kalamu na sasa ni muda namngoja. Hiyo hapo chini usidhani ni wino uliomwagika. Ni jina lake.